Reli Iliyoishia Chini ya Mlima

Mwanafunzi wa wilaya ya Rusizi akiulizwa darasani Rwanda ina reli yenye urefu gani, atajibu kwamba hakuna reli, na mwalimu atampa alama zake zote. Jibu ni sahihi. Tangu dunia iumbwe hakuna treni ya abiria iliyowahi kusimama Kigali, Huye, wala Kamembe. Lakini ninyi mnaokaa Bugarama, nendeni mkasimame kwenye mashamba ya mpunga, kisha mgeukie upande jua linakozama. Mbele yenu unapita mto Rusizi. Ng'ambo yake kuna mji wa Kongo uitwao Kamanyola, karibu kiasi cha kuona moshi wa majiko yake jioni. Pale Kamanyola, wanangu, palikuwa na mwisho wa reli.

Ilikuwa reli kamili, yenye vyuma viwili, mataruma, mabehewa, na injini inayopuliza mvuke. Ilianzia bandari ya Kalundu, pembeni mwa mji wa Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, ikapanda kaskazini kwenye tambarare ya Rusizi kwa kama kilomita 90, ikafika Kamanyola, ikakoma. Kampuni iliyoimiliki iliitwa kwa Kifaransa Chemins de fer du Kivu, na watu wakaifupisha kuwa CEFAKI. Treni zilianza kutembea mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Rwanda na Burundi zilipofuata tarehe 1 Julai 1962, filimbi ya Kamanyola ilikuwa imeshanyamaza. Maisha ya reli ile hayakufika miaka thelathini.

Ukiliangalia jambo hili kwa haraka utaona ni upuuzi. Kivu ni jina la ziwa, na kampuni ilijiita ya Kivu, lakini reli yake haikufika Ziwa Kivu hata siku moja. Iliishia chini ya mlima, makumi ya kilomita kabla ya mji wa Bukavu. Nani anajenga reli halafu anaiacha mbele ya mlima? Mimi nakataa kuwaita wajenzi wale wajinga. Mahali pale palikuwa na sababu yake, na sababu hiyo tuitafute kwenye maji kwanza, kwa kuwa maji yalipita njia ile kabla ya mtu yeyote.

Zamani sana, kabla ya mtu yeyote kulima viazi Nyamasheke, maji ya bonde letu yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Nili. Volkano za Virunga zikatapika miamba ya moto, zikaziba njia. Maji yakakosa pa kwenda, yakajaa, yakawa ziwa lenye kina kirefu. Yalipozidi yakatafuta upenyo upande wa kusini, yakaupata kati ya mahali ilipo Bukavu leo na mahali ilipo Cyangugu. Upenyo huo ndio mto Rusizi. Kwa hiyo Rusizi ni mto wa ziwa lililofurika. Unashuka kwa haraka kwa sababu una kazi ya kushuka: uso wa Ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770. Tofauti yake inakaribia mita 700, na mto una urefu wa kilomita 117 tu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo hadithi yote ilipofungwa. Mita hizo 700 hazikugawanywa sawasawa. Kutoka Kalundu hadi Kamanyola nchi imelala. Kamanyola na Bugarama ziko karibu mita 950 juu ya bahari, na ndiyo maana Bugarama kuna joto, mpunga unakubali, na wataalamu wanaihesabu kuwa sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Katika kilomita zile 90 za reli, nchi inapanda mita zisizofika 200. Ni kama mita mbili kwa kila kilomita. Mtu akitembea hawezi hata kuhisi kwamba anapanda. Halafu kutoka Kamanyola hadi Bukavu, kwa kilomita kama 40 za mto, zinabaki mita 500 na zaidi. Mto unapiga kelele kwenye makorongo, unaruka miamba, unajipinda. Barabara ya upande wa Kongo nayo hupanda ukingo wa Ngomo, mlima ambao madereva wa Bukavu hulitaja jina lake kwa heshima.

Kumbukeni tarakimu hizo mbili, mita mbili kwa kilomita na mita 500 kwa kilomita 40, nami niwapeleke mbali kidogo, hadi Dar es Salaam.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka pwani ya Dar es Salaam kuelekea magharibi. Walifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na mwezi wa Februari 1914 wakafika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,250. Meli iitwayo leo MV Liemba ilipita kwenye reli hiyohiyo ikiwa vipandevipande ndani ya makasha. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa upya Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui. Waingereza waliitoa chini ya ziwa, na tangu 1927 ikawa inaitwa Liemba. Hebu fikirini meli nzima iliyosafiri kwa treni!

Wajerumani haohao walikuwa na mpango wa Rwanda. Waliuita Ruandabahn, yaani reli ya Rwanda. Ilitakiwa itoke Tabora, iende kama kilomita 480, ifike kwenye kona ya mto Kagera, mlangoni mwa nchi yetu. Fedha zilikubaliwa Berlin mwaka 1914 na kazi ikaanza. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka, majembe yakawekwa chini, na Rwanda ikabaki bila reli. Kila ninapofikiri juu ya Rusizi na treni, nauhuzunikia mwezi ule.

Baada ya vita Wabelgiji, ambao tayari walitawala Kongo, wakakabidhiwa Rwanda na Burundi pia. Mwaka 1925 sheria yao iliziunganisha nchi hizi mbili na Kongo katika utawala mmoja. Mto Rusizi, ambao leo una vizuizi, mihuri na foleni, ukawa unapita ndani ya himaya moja. Lakini Wabelgiji walikuwa na tatizo la bahari. Bandari ya Matadi, iliyo karibu na mlango wa mto Kongo, ilikuwa mbali mno na watu wa Kivu. Bahari iliyofikika kwa urahisi ilikuwa ya mashariki, kupitia Kigoma na Dar es Salaam, na huko sasa walitawala Waingereza. Mwaka 1921 wakapatana: Ubelgiji ipewe eneo lake la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yakaitwa Belbase.

Njia ya bahari ikawa imepatikana. Ikabaki njia ya kushuka kutoka milimani hadi ziwani.

Na huko milimani mizigo ilikuwa inaongezeka. Mwaka 1928 utawala wa Kongo uliunda shirika la Comité National du Kivu kugawa ardhi na kuvuta walowezi. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, jambo ambalo walowezi hawakupenda kulizungumza. Yakaanzishwa mashamba ya kahawa, chai, pareto, na mkwinini, mti ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Upande wetu wa Rwanda, katika miaka ya 1930, wakulima walilazimishwa kupanda mibuni, kila familia na idadi yake. Chini kwenye tambarare kulikuwa na pamba, na pamba ya Kongo ilikuwa zao la lazima tangu 1917. Kulikuwa na kahawa ya kushusha. Kulikuwa na saruji, chumvi, mabati, vitambaa na mafuta ya taa ya kupandisha.

Kabla ya hapo mizigo ilibebwa na nani? Kichwa cha mtu. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25, pengine 30, kwa siku nyingi, akipanda na kushuka. Fanyeni hesabu wenyewe. Behewa moja la kubeba tani 10 linachukua kilo 10,000. Gawanyeni kwa 25. Mtapata vichwa 400. Watu mia nne wa kupanga mstari, kulishwa, kulazwa, na kurudi kwao wakiwa na shingo zilizoumia, dhidi ya behewa moja. Mwaka 1928 na 1929 njaa ya Rwakayihura ilipoiumiza Rwanda, hasa mashariki, chakula cha kuokoa watu kilikwama kwa sababu hiyohiyo: njia zilikuwa chache na vichwa havikutosha. Ninyi mnaoona lori likishusha mifuko ya mchele mnaweza kusahau kwamba usafiri ni uhai wa mtu.

Basi ikaamuliwa reli ijengwe. Mikono iliyochimba, iliyobeba kokoto, iliyolaza mataruma na kukaza misumari ilikuwa ya Waafrika wa nchi hizi, katika zama ambazo mtu aliweza kuchukuliwa kazini bila kuulizwa kama anataka. Tambarare ya Rusizi ni ya jua kali na mbu. Ukiona picha ya zamani ya treni ya kikoloni, mzungu mwenye kofia amesimama mbele ya injini, mwangalie pia yule aliyekatwa nusu pembeni ya picha, mwenye koleo mkononi.

Sasa niwaeleze injini yenyewe, kwa maana bila kuielewa hamtaelewa kwa nini kuna vituo vya porini.

Injini ya mvuke ni birika kubwa la chuma lililolazwa. Nyuma yake kuna tanuri la moto. Maji yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa mno: lita moja ya maji ikiachiwa huru huwa karibu lita 1,700 za mvuke. Ukiufungia ndani ya chuma, unasukuma kwa hasira. Unapelekwa kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele, kisha nyuma. Pistoni inasukuma fimbo, fimbo inazungusha gurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi unatolewa kwenye dohani kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio ule mlio wa chu, chu, chu ambao watoto huuiga hata wale ambao hawajawahi kuona treni. Mkupuo una kazi nyingine pia. Unapotoka kwa nguvu unavuta hewa kupitia moto, moto unazidi kuwaka. Kadiri injini inavyokimbia ndivyo inavyojipulizia moto wake. Mimi huona huu ni ubunifu mzuri kuliko wote uliomo ndani ya mashine ile.

Lakini mvuke ukishatoka haurudi. Injini inakunywa maji njia nzima, na inakula kuni au makaa. Safari ndefu haiimalizi bila kusimama na kushibishwa. Ndiyo maana kwenye reli za mvuke duniani kote utakuta vituo mahali ambapo huoni mji: tangi la maji juu ya nguzo, rundo la kuni, kibanda cha karani, basi. Hapo watu wa vijijini walijifunza kuleta ndizi, mayai na kuku, kwa sababu treni ilikuwa lazima isimame, abiria wapende wasipende. Soko likazaliwa na kiu ya injini. Leo barabara ya upande wa Kongo inapita Kiliba, Sange, Luvungi, halafu Kamanyola, na kila linaposimama basi watu hukimbilia madirishani na ndizi na karanga.

Rudini sasa kwenye zile tarakimu mbili. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza, na utelezi huo ndio baraka ya treni kwenye nchi tambarare: injini moja huvuta msururu wa mabehewa kwa nguvu ndogo kwa kila tani. Kwenye mwinuko baraka hiyo inageuka. Kuivuta tani moja kwenye reli tambarare kunahitaji nguvu ya kama kilo 5. Reli ikipanda mita 25 kwa kila kilomita, uzito wenyewe wa mzigo unavuta nyuma kwa nguvu ya kilo 25 zaidi kwa kila tani. Jumla kilo 30, yaani mara sita. Injini iliyokuwa ikivuta mabehewa 12 bila taabu itabaki na mawili, na bado hatujahesabu uzito wa injini yenyewe.

Tarakimu ya kwanza, mita mbili kwa kilomita, ni zawadi kwa mjenzi wa reli. Unalaza mataruma na kusonga. Tarakimu ya pili inadai kona ndefu za kuzunguka mlima, madaraja juu ya makorongo, mahandaki ndani ya mwamba, na injini zenye nguvu zaidi. Inadai fedha. Na tangu mwaka 1929 bei za mazao zilianguka dunia nzima, makampuni yakafilisika, serikali za kikoloni zikafunga mikoba. Mlima haukusogea na fedha hazikuja. Kamanyola, iliyofaa kuwa kituo cha katikati ya safari, ikabaki kuwa mwisho wa safari.

Kituo cha mwisho si kama vituo vingine. Kwenye kituo cha katikati treni husimama dakika chache, abiria wawili wanashuka, mmoja anapanda, filimbi inalia. Kwenye kituo cha mwisho kila kitu lazima kitoke ndani ya treni. Mfuko hauna pa kwenda ila mgongoni mwa mtu. Kwa hiyo kituo cha mwisho kinahitaji maghala, makarani wa kuhesabu, mizani, wapakuzi, mahali pa kulala, mama wa kupika. Na kwa kuwa mizigo ya Kamanyola ilikuwa inaelekea Bukavu, mji ambao wakati huo Wabelgiji waliuita Costermansville, kulihitajika malori yanayosubiri, mafundi wa malori, mafuta, vipuri. Reli na barabara zilikutana pale zikiwa zinategemeana.

Lakini fuateni gunia moja la kahawa mkaone kasoro. Linatoka shambani juu ya Bukavu, linapakiwa kwenye lori. Lori linashuka mlima hadi Kamanyola, gunia linashushwa, linapandishwa kwenye behewa. Behewa linafika Kalundu, gunia linashushwa, linapandishwa melini. Meli inavuka hadi Kigoma, linashushwa, linapandishwa kwenye treni nyingine. Treni inafika Dar es Salaam, linashushwa, linapandishwa kwenye meli ya baharini. Kila kuhama kuna malipo, kuna kusubiri, kuna gunia linalochanika, kuna mvua inayonyesha wakati ghala limejaa. Wafanyabiashara hawakuogopa kilomita. Waliogopa kushusha na kupandisha.

Ukilitazama gunia hilo, utaona kuna uhamisho mmoja ambao si wa lazima. Ziwa ni lazima livukwe kwa meli. Bahari pia. Lakini lori ambalo limeshapakiwa Bukavu, na limeshashuka mlima wenye hatari yote hadi Kamanyola, kwa nini lisiendelee tu kwenye tambarare hadi bandarini? Sehemu iliyobaki ni rahisi. Dereva ameshamaliza kibarua chake kigumu. Miaka ya 1930 malori yalikuwa madogo, barabara zilikuwa matope, na jibu lilikuwa kwamba treni ni bora. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia malori yakawa makubwa na yenye nguvu, barabara zikaimarishwa, na swali hilo likajibiwa kwa namna nyingine.

Hivyo ndivyo Kamanyola ilivyopoteza treni. Nchi tambarare iliyofanya reli ijengwe kwa urahisi ndiyo iliyoliruhusu lori kuipita. Reli ya tambarare tupu, bila mlima, ilikuwa inafanya ile nusu ya kazi ambayo kila mtu aliweza kuifanya. Kama ingepanda mlima, na kufanya nusu iliyokuwa ngumu, naamini tungeiona hadi leo.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka ileile ya kufa kwa reli, mwinuko ulioishinda ukapewa kazi. Juu kule, karibu na mahali mto unapotoka ziwani, likajengwa bwawa la umeme la Ruzizi ya Kwanza, likaanza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi ya Pili ikafuata mwaka 1989, nayo ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Ya tatu imepangwa kujengwa chini zaidi kwenye mto huohuo. Maji yanayoanguka yanazungusha mitambo kwa sababu ya zile mita ambazo injini ya mvuke haikuzipanda. Taa mnayosomea usiku Kamembe ni jirani wa karibu wa treni ambayo haikufika.

Jina la Kamanyola halikusahaulika, ila watu walilikumbuka kwa jambo lingine. Mwaka 1964, wakati wa vita vya waasi mashariki mwa Kongo, palipiganwa hapo, na Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, akayafanya mapigano hayo kuwa fahari yake. Alipokuwa rais, kikosi cha jeshi kikaitwa Kamanyola, meli yake ya kifahari kwenye mto Kongo ikaitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ukafunguliwa mwaka 1994 kwa jina hilohilo, kabla haujabadilishwa jina kuwa Uwanja wa Mashahidi, Stade des Martyrs. Mamilioni ya Wakongo walilitamka jina la mji ule mdogo bila kujua kwamba palikuwa na reli. Nasikitika kidogo kwa hilo. Wapakuzi nao walistahili uwanja.

Na kazi ya mahali pale? Bado ipo, imevuka mto tu. Kwa kuwa barabara ya Ngomo ni nyembamba, yenye makorongo upande mmoja na matope wakati wa masika, kwa miaka mingi abiria na magari ya kutoka Bukavu kwenda Uvira yamezoea kupita Rwanda. Wanavuka Rusizi, wanapanda na kushuka kwenye lami yetu, wanafika Bugarama, wanavuka daraja na kuingia tena Kongo pale Kamanyola. Vita na kufungwa kwa mipaka huivunja desturi hiyo mara kwa mara, lakini milango ikifunguliwa inarudi. Mjukuu wa mpakuzi wa reli anaweza kuwa leo dereva wa lori la Fuso, mbadilisha fedha, au mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza. Upande huu kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kuzalisha mwaka 1984, kinatoa malori yaliyojaa kuelekea pande zote. Watu wa Bugarama wanazungumza Kiswahili bila kulazimishwa na shule, na sababu yake ni hiyohiyo: makutano ya njia huhitaji lugha ya kuuzia na kununulia.

Watu wazima wanazungumza tena juu ya reli. Tanzania inajenga reli mpya ya kisasa, na mpango wa kuiunganisha na Burundi kutoka Uvinza hadi Musongati na Gitega unataja pia kuendelea hadi Kongo, kupitia Uvira. Upande mwingine, Rwanda na Tanzania zilikubaliana mwaka 2018 kuijenga reli ya Isaka hadi Kigali. Mkisikia habari hizo redioni msiulize tu itafika mwaka gani. Ulizeni itaishia wapi, na baada ya pale mzigo utashushwa mara ngapi.

Wenye umri wenu wanaweza kufanya kitu kimoja ambacho wataalamu wa mbali hawawezi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1957 leo anakaribia miaka themanini. Wazee wa aina hiyo wapo Bugarama, wapo Muganza, wapo Kamanyola kwenyewe. Mwamkie shikamoo, umkalie karibu, umruhusu aanze anapopenda. Usianze na mwaka, maana miaka huchanganyika. Muulize treni ilifika saa ngapi, asubuhi au jioni. Muulize nauli ya kwenda Uvira ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa na uwezo wa kuilipa, na abiria mweusi aliketi kwenye behewa lipi. Muulize maji ya injini yalichotwa wapi. Muulize ni chakula gani mama yake alikipeleka kuuza kituoni, na kama alivuka mto kwa mtumbwi au kwa daraja.

Halafu kama mnaye ndugu upande wa pili, na hali ya mpaka inaruhusu, mwambieni aangalie ardhi. Reli huacha alama hata ikiondolewa: tuta lililonyooka kupita kiasi katikati ya mashamba yaliyopindapinda, kokoto za aina moja zilizolala mstari mmoja, kalvati la mawe chini ya njia ambayo leo hupita ng'ombe, kipande cha chuma kizito kilichogeuzwa nguzo ya lango au kengele ya shule. Kipande hicho kikipatikana, kipimeni upana, mkichore kwenye daftari, muandike kilipookotwa na jina la mzee aliyewaeleza, na daftari hilo mlipeleke shuleni likae kwenye kabati la vitabu vya historia.